Shamba lililoangukia baharini

Watu wa mtaani kwetu hapa Shela, Malindi, wanajua nafanya kazi ya kompyuta, na wengi wameridhika na jibu hilo. Mamangu ndiye hajaridhika. Akiulizwa na wageni bintiye anafanya nini, husema "anatazama mashamba ya watu", na sijapata kusikia mtu akaieleza vizuri zaidi. Natazama mashamba ya mpira ya Kodivaa, nchi nisiyowahi kuikanyaga, kwa niaba ya kampuni moja ambayo sitaitaja jina, ili mpira wa mashamba hayo uruhusiwe kuingia Ulaya.

Sheria yenyewe ni ya Umoja wa Ulaya, nambari 2023/1115. Kazini tunaiita EUDR. Inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, soya, mbao na mpira, pamoja na orodha ndefu ya vitu vinavyotengenezwa kwazo. Upande wa mpira orodha inaanzia mpira ghafi hadi matairi na glavu. Inataka bidhaa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Inataka iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka. Kisha anayeiingiza kwenye soko lao awasilishe taarifa ya ukaguzi, na ndani yake mahali pa kila shamba pajulikane kwa latitudo na longitudo. Kampuni ikikutwa na kosa, kilele cha faini hakiwezi kuwekwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka huko Ulaya. Tarehe ya kuanza imeshasogezwa mara mbili. Ilikuwa 30 Desemba 2024, ikawa 2025, na sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa zile ndogo. Kila inaposogezwa kuna watu wanaoshangilia, na kuna waliokwisha kutumia pesa zao kujiandaa ambao hawashangilii.

Nami huku ndiko nilikoingilia. Nilisomea mambo ya mazingira, nikajifunza kutumia programu za ramani, nikakaa mapokezi kwenye hoteli ya Waitaliano kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwepo. Kisha mwenzangu wa chuoni akaniambia kuna watu wanatafuta wakaguzi wa ramani wa kufanyia kazi nyumbani. Kinachotakiwa ni intaneti na macho. Stima ikipotea, na huku kwetu hupotea, nahamia kwa jirani mwenye sola.

Faili zinakuja kutoka vijijini kusini mwa Kodivaa, Dabou, Bonoua, Aboisso, sehemu za mpira. Ajenti anakwenda shambani na simu, anazunguka mpaka na mwenye shamba, simu inaandika nukta kila kona, nukta zinaungwa zinakuwa poligoni. Shamba likizidi hekta 4 lazima lichorwe hivyo. Likiwa chini ya hapo, sheria inakubali nukta moja tu. Tarakimu baada ya desimali ziwe sita.

Hizo tarakimu sita hunichekesha. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, upana wa kiganja. Simu ya ajenti, chini ya miti iliyofungamana matawi, ikikosea mita tano imefanya vyema. Kwa hiyo tunaandika kwa usahihi wa kiganja kitu tulichokipima kwa usahihi wa chumba. Haina madhara makubwa, lakini mtu akiletewa nambari ndefu huamini kwamba aliyeiandika alikuwa na hakika nayo.

Makosa yenye madhara ni mengine. Dabou iko karibu latitudo 5.3 kaskazini, longitudo 4.4 magharibi. Magharibi huandikwa kwa alama ya kutoa. Alama hiyo ikidondoka mahali fulani njiani, kwenye simu au kwenye jedwali la mtu ofisini, shamba linahama kutoka Dabou na kwenda kukaa katikati ya Ghuba ya Guinea, kusini ya Nigeria. Ukibadilisha nafasi za latitudo na longitudo, linatua kwenye Atlantiki upande wa pili wa ikweta. Mashamba yote mawili yana maji ya bluu pande zote, na la ajabu ni kwamba kompyuta huyapitisha: hakuna msitu uliokatwa baharini! Alama ya kijani, safi kabisa. Kosa hilihili likifanywa kwa shamba la hapa Malindi, ikapotea ile alama ya kusini, utalikuta kaskazini kabisa huko, karibu na Takaba, kaunti ya Mandera. Angalau huko kuna nchi kavu.

Kisha kuna nukta moja ya yale mashamba madogo. Mimi siipendi. Unafungua faili la kijiji unakuta wakulima kumi na kitu wote nukta zao zimerundikana mahali pamoja, hatua chache baina ya moja na nyingine. Ukiikuza picha unaona uwanja mdogo, paa la bati, na njia za magari zinakutana. Ni mahali pa mizani. Ajenti hakuzunguka mashamba, amekaa kivulini siku ya kupima akamchukua kila mkulima alipofika na magunia yake. Simlaumu sana, maana analipwa kwa shamba kama ninavyolipwa mimi, na jua la huko ni kama la kwetu. Lakini nukta hiyo haisemi chochote kuhusu shamba. Huwa narudisha faili lote.

Sasa nije kwenye mpira wenyewe, kwa sababu mti huu una tabia zinazoitatiza setilaiti. Katika kiangazi, Januari na Februari, mpira hupukutisha majani. Picha ikipigwa wakati huo shamba zima linaonekana jekundu na kahawia kama lililofyekwa. Ikipigwa baada ya miezi michache limerudi kijani kibichi. Programu ikilinganisha picha mbili bila kujua majira, inapiga kelele ya msitu kukatwa. Upande wa pili, mpira wa mkulima mdogo aliyeuchanganya na miti ya matunda na magugu kidogo, ukiutazama kutoka juu, ni msitu mtupu. Umoja wa Ulaya una ramani yao ya misitu ya mwaka 2020, kila kipande chake ni mita 10 kwa 10, na wenyewe wanasema si ya lazima kuitumia wala si hukumu. Lakini watu ni watu. Ikishakuwepo ramani ya kijani, kila mnunuzi anaigeuza msahafu.

Nilitaka kujua inaaminika kiasi gani, nikaipima kwa shamba ninalolijua. Ami yangu ana mikorosho upande wa Gede, imepandwa na babu, mikubwa, matawi yamegusana. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukitumwa kuokota korosho humo. Kwenye ramani, nusu ya shamba la ami ni msitu. Nikamwonyesha kwenye simu. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Sasa huo msitu ni wa serikali au bado ni wangu?" Nikamwambia ni wako, ami, wala korosho hazimo kwenye sheria hii. Hakuonekana kupoa. Mtu wa Gede anaishi ubavuni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, anajua fika tofauti ya shamba na msitu, na anajua pia yanayompata mtu shamba lake likianza kuitwa msitu.

Kisheria ami yuko salama, na mkulima wa Dabou vilevile. Msitu, kwa maana ya EUDR, ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti inayopita mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10, lakini ardhi inayotumika kwa kilimo haimo, na shamba la mpira ni kilimo. Hivyo mpira mzee uliokatwa 2022 ukapandwa mpya si ukataji wa msitu. Kakao iliyong'olewa ikapandwa mpira, na wengi wamefanya hivyo huko, si ukataji wa msitu. Setilaiti inaona tu kwamba miti ilikuwepo na haipo. Anayejua ilikuwa miti gani ni mwenye shamba, na majirani zake, na picha za zamani zikisomwa na mtu mwenye subira: mpira wa kupandwa una mistari, msitu hauna mistari. Basi alama nyekundu ya kompyuta kwangu ni swali la kwenda kuulizwa shambani. Kuna wanunuzi kwao nyekundu ni jibu. Wanamfuta mkulima kwenye orodha na kuendelea, kwa kuwa kumfuta ni bure na kumwuliza ni nauli.

Lakini niseme jambo ambalo limenibadilisha namna ninavyoifanya kazi hii, nalo halimo kwenye picha. Mti wa mpira ukipandwa unakaa miaka sita au saba kabla ya kugemwa. Piga hesabu. Mtu aliyefyeka msitu mwaka 2021 akapanda mpira, utomvu wa kwanza ataupata 2027 au 2028. Maana yake mpira unaouzwa leo, takriban wote, umetoka kwenye miti iliyokuwa ardhini kabla ya tarehe ya sheria. Ukiuliza "je, miti hii ilipandwa kwenye msitu uliokatwa baada ya 2020?", jibu la haki kwa leo karibu kila mara ni hapana. Mtihani wenyewe bado haujafika.

Kwa nini basi nasumbuka? Kwa sababu siku moja niliacha kutazama ramani peke yake nikaiweka kando ya jedwali la mizani. Kulikuwa na shamba ambalo mwaka 2022 lilikuwa udongo mtupu, unauona udongo mwekundu kabisa, na miche yake kwenye picha za sasa ni vidoadoa. Jedwali likasema mwenye shamba hilo ameuza mpira mwaka huu. Miche ya miaka mitatu minne haigemwi. Mpira ule ulitoka kwingine. Halafu nikaanza kutazama uzito kwa ukubwa wa shamba. Hekta moja ya mpira uliokomaa, ukitunzwa, hutoa kama tani moja na nusu mpaka mbili za mpira mkavu kwa mwaka. Bonge bichi la utomvu ulioganda kwenye kikombe cha mtini lina maji mengi ndani, kwa hiyo mzani utasoma zaidi ya hapo, na hilo tunalikadiria. Lakini mtu mwenye nusu hekta akileta tani tano, si maji hayo. Kuna jirani asiyesajiliwa anayepitishia mpira wake kwenye namba ya mwenzake, au kuna mchuuzi aliyekusanya kutoka mbali, pengine kutoka mahali ambapo hapangekubaliwa.

Na hapo ndipo sheria hii inapouma, kwa sababu haikubali mchanganyiko. Kuna mipango mingine ya biashara inayosema, leta tani kumi safi, uza tani kumi zenye cheti, hata kama kiwandani zilichanganywa na nyingine. EUDR haitaki hesabu hiyo. Magunia yenye kwao yakichanganyika na yasiyo na kwao, shehena nzima imeharibika. Kiwandani mabonge huoshwa, hukatwakatwa, hukaushwa, hushindiliwa yakawa marobota ya kilo 33 au 35. Baada ya hapo ni kama tui la kwanza ulilolimwagia tui la pili, huwezi tena kulitenga. Hivyo ukweli wote unaamuliwa kabla ya lango la kiwanda, baina ya shamba na mizani, kwenye lori la mtu na daftari la mtu. Poligoni inaweza kuwa nzuri ya kuning'inizwa ukutani na mpira usiwe wa shamba hilo. Mimi ningepewa nafasi ya kusema na wanaonunua huko Ulaya, ningewaambia wapunguze pesa za setilaiti waziongeze kwenye mizani, risiti, na mtu wa kukaa pale siku ya kupima. Risiti yenye namba ya shamba, uzito na tarehe, nakala abaki nayo mkulima. Kumbukumbu lazima zihifadhiwe miaka mitano, kwa hiyo si vikaratasi vya kutupa.

Na nakala ya ramani yake pia abaki nayo. Hili linanikera kuliko yote. Mkulima anazungushwa shamba lake, anapigwa picha na kikombe cha utomvu mkononi, nukta zinaondoka, na yeye habaki na kitu. Mwaka ujao akitaka kumwuzia mnunuzi mwingine anaanza upya, au anaambiwa namba yako iko kwa fulani. Ramani ya ardhi ya mtu inakuwa kamba ya kumfungia. Niliwauliza wanaonipa kazi kama tunaweza kumtumia kila mkulima faili lake kwenye simu. Nilijibiwa kwa adabu kwamba hilo si sehemu ya mkataba.

Mambo ya ardhi huku Pwani hatuyasikii tukiwa tumekaa kimya. Kila ninapofika kwenye safu ya "haki ya kutumia ardhi" kwenye fomu, nafikiria Magarini, huku kwetu ng'ambo ya mto Sabaki. Si watu wengi wa umri wangu wanaojua kwamba mpira ulilimwa hapa. Mwanzoni mwa karne iliyopita walowezi wa Kizungu walipanda mpira wa Ceará, ule mpira wa jamii ya muhogo, kwenye mashamba ya Malindi na ng'ambo ya mto Sabaki. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilikuwa imeshafanya ardhi nyingi ya watu wasiokuwa na karatasi kuwa ya serikali, na serikali ikaigawa. Ikabaki kutafutwa watu wa kulima. Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama mwaka 1913, vijana kutakiwa wakafanye kazi za walowezi lilikuwa mojawapo ya mambo waliyoyakataa. Mwaka 1914 wakaamriwa kuondoka kaskazini ya Sabaki. Na mpira wenyewe? Bei ilianguka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipojaa sokoni, na huo wa Ceará haukuweza kushindana. Baadhi ya wajukuu wa waliofukuzwa ndio hao wanaoitwa maskwota mpaka leo. Mti wa mpira umebaki kwenye nyua, na majani yake twayapika, kisamvu cha mpira, kwa nazi, kitamu kuliko cha muhogo wa kawaida ukiniuliza mimi.

Kwa hiyo naposikia mnunuzi anasema "asiye na hati miliki hatumchukui", natoka kwenye upole wangu. Sheria haikusema hivyo. Imesema mazao yazalishwe kwa kufuata sheria za nchi husika, haki za kutumia ardhi zikiwemo. Kama sheria ya nchi inamruhusu mtu kulima na kuuza bila hati, basi hati si sharti. Ni mnunuzi aliyeamua kwamba karatasi ni rahisi kuliko kuelewa.

Watu huniuliza kama haya yatatufikia. Kenya imewekwa kwenye kundi la nchi zenye hatari ndogo, kwa hiyo ukaguzi wa huko utagusa asilimia 1 ya wanaoingiza bidhaa zetu, tofauti na 3 kwa nchi za kati kama Kodivaa na 9 kwa zile za hatari kubwa. Lakini latitudo na longitudo bado zinatakiwa. Nazi, korosho, maembe, simsim hazimo. Ndara za akala hazimo, tena zinatokana na tairi lililokwisha maisha yake. Makaa yamo. Na mbao zimo.

Mbao ndizo zilizomfanya fundi mmoja wa milango kule Lamu, rafiki wa marehemu babangu, kunipigia simu. Ana mnunuzi wa Milano, mwenye duka, anayechukua milango ya nakshi na vitanda. Mwenye duka amemwambia kuanzia sasa atataka kujua kila mti umekatwa wapi, na jina la mti kwa kitaalamu. Jina ni rahisi, mbambakofi ni Afzelia quanzensis, nikamwandikia. Mahali ndipo pagumu. Mbao anazinunua kwa mtu, naye kanunua kwa mtu, zimefika kwa jahazi. "Mwanangu," akaniuliza, "hiyo setilaiti yaona mti ukiwa jahazini?" Nikamweleza kwamba mlango wa kale uliotolewa kwenye nyumba iliyobomoka hauna shida, na Mtaliano anayebeba mlango mmoja kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe hahusiki. Anayehusika ni huyo wa duka, na duka litataka majibu kwa fundi. Kwa mbao mpya, amwambie muuzaji wake kabla ya kulipa: kibali cha kukata, na nukta ya mahali mti uliposimama, ichukuliwe gogo likiwa bado pale. Nukta ya bandarini siipokei, nilimwambia, nimeziona nyingi za namna hiyo.

Akasema muuzaji atamcheka. Huenda. Tumekubaliana mwezi huu nivuke Mokowe nikakae naye kwenye karakana, tuanze na mzigo mmoja wa mbao tuone unafuatika mpaka wapi. Malipo bado hatujapatana, yeye anataka kunilipa kwa kitanda.